Homa Baada ya Safari: Ushauri kwa Mwenyeji wa Kifanya Anayeshuka Mabondeni

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa zamu katika wodi ya wanaume, aliletwa kijana wa miaka 26, mpasua mbao kutoka Kifanya. Ilikuwa siku ya tano ya homa. Katika siku hizo alikuwa amekwisha kuandikiwa dawa za nimonia, kisha dawa za taifodi. Alipofika kwetu macho yake yalikuwa ya manjano, mkojo ulikuwa mchache na mweusi kama kahawa, na maneno yake hayakufuatana. Mimi nami, pamoja na elimu yote niliyojaliwa, nilianza kuwaza homa ya ini, kisha homa ya uti wa mgongo. Aliyetutoa gizani ni mama yake mzazi, aliyekuwa amekaa pembeni na kanga yake mabegani akisubiri apewe nafasi ya kusema. "Dokta mwanangu," alisema, "huyu hajawa sawa tangu aliporudi Mlimba kwenye mavuno ya mpunga."

Damu ilipotazamwa kwa darubini ilikuwa imejaa vimelea vya malaria. Tulianza sindano za artesunate papo hapo. Kijana alipona, lakini figo zake zilichukua wiki kadhaa kurejea katika kazi yake, na familia iliuza sehemu ya shamba la miti ili kugharimia uuguzaji. Hakuna mhudumu hata mmoja, mimi nikiwamo, aliyekuwa amemuuliza swali jepesi: ulikuwa wapi katika wiki hizi mbili zilizopita?

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya watu wa aina mbili: msafiri anayetoka Kifanya, Njombe au Makambako kwenda maeneo ya joto ya nchi yetu au nchi jirani, na mhudumu wa afya atakayempokea akirudi na homa.

Kwa nini mtu wa nyanda za juu ni dhaifu mbele ya malaria

Kata ya Kifanya imo katika Halmashauri ya Mji wa Njombe, kwenye nyanda za juu ambako asubuhi za Juni na Julai huweza kukuta sakitu imetanda juu ya majani ya viazi. Baridi hiyo ndiyo kinga yetu ya asili. Kimelea cha malaria kinapoingia tumboni mwa mbu wa anofelesi huhitaji siku kadhaa za joto ili kikue hadi kuweza kuambukiza, na katika baridi ya kwetu mbu wengi hufa kabla safari hiyo ya ndani haijakamilika. Kwa sababu hiyo mkoa wa Njombe umo miongoni mwa mikoa yenye kiwango cha chini kabisa cha malaria nchini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta vimelea kwa asilimia 8 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania Bara, huku mkoa wa Tabora ukifikia asilimia 23.

Hata hivyo, neema hii ina upande wake wa pili. Mtoto anayekulia Mlimba, Ifakara au Kyela huumwa mara nyingi, na akivuka miaka ya utotoni mwili wake huwa umejifunza kupambana na vimelea. Huenda akavibeba bila kuumwa sana. Aliyekulia Kifanya hana mafunzo hayo. Vimelea vikiingia katika damu yake huzaliana pasipo kizuizi, na ugonjwa unaoweza kuwa homa ya siku mbili kwa mwenyeji wa bondeni huweza kuwa malaria kali kwake, pengine ndani ya saa 24 tangu dalili za kwanza zianze.

Kuna kundi jingine linalojidanganya, nalo ni wale waliozaliwa mabondeni wakahamia Njombe kikazi au kwa ndoa. Mtu wa namna hii husema, "Mimi nimezaliwa kule, malaria hainitishi." Kinga ya malaria haidumu kama kovu. Hupungua kadiri mtu anavyokaa mbali na mbu, na baada ya miaka kadhaa ya baridi anayerudi nyumbani kusalimia wazazi anapaswa kujihesabu kuwa mgeni. Watoto wake waliozaliwa huku juu ni wageni kabisa. Vivyo hivyo kwa vijana wetu wanaopangiwa shule, vyuo au kambi za mafunzo katika mikoa ya joto. Tunawafungia masanduku kwa bidii, sabuni na blanketi ndani yake, na chandarua tunakisahau.

Wala si lazima mtu atoke nje ya mkoa. Anayeshuka Ludewa hadi kando ya Ziwa Nyasa ameingia katika eneo la malaria akiwa bado ndani ya mkoa wa Njombe. Anayepanda treni ya TAZARA pale Makambako huteremka kupitia mahandaki na madaraja hadi Mlimba, na usiku huohuo anaweza kulala katika bonde la Kilombero, mojawapo ya maeneo ambako watafiti wa Ifakara wamechunguza malaria kwa miongo mingi. Anayekwenda Dar es Salaam kwa basi huaga baridi kwenye mteremko wa Kitonga.

Kabla ya kuondoka

Jambo la kwanza ni chandarua chenye dawa, kikunjwe na kuwekwa kwenye begi lako mwenyewe. Usitegemee cha mwenyeji. Katika nyumba nyingi vyandarua vilivyopo vinatosha wenye nyumba, na mgeni aliyefika kwa msiba au harusi hulala sebuleni juu ya mkeka. Kamba ya mita tatu na misumari minne ni vyepesi kubeba. Mbu wanaoeneza malaria huuma zaidi kuanzia jioni hadi alfajiri, kwa hiyo nguo za mikono mirefu na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu zina kazi kuanzia magharibi, hasa katika mikesha ya msiba, ambako watu hukaa nje usiku kucha na hakuna chandarua kinachoweza kusaidia.

Jambo la pili ni dawa za kinga. Wengi hawajui kwamba Mtanzania naye anaweza kuzitumia. Hudhani ni za watalii wa Ulaya. Kwa mtu mzima asiye mjamzito anayekwenda bondeni kwa wiki moja au mbili, doksisaiklini ya miligramu 100 kila siku ni chaguo lililo ndani ya uwezo wa wengi. Huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari, huendelea kila siku ya safari, na huendelea kwa wiki nne baada ya kurudi. Hapo kwenye wiki nne ndipo watu wengi hukosea, kwa kuwa wakifika nyumbani huona kazi imekwisha, ilhali vimelea vilivyoingia siku ya mwisho ya safari bado vinajiandaa kutoka kwenye ini. Kimeze baada ya kula, kwa glasi nzima ya maji, nawe usilale mara moja, maana kidonge hicho kikikwama huunguza koo. Jua kali pia huiumiza zaidi ngozi ya anayekitumia. Hakifai kwa mjamzito wala kwa mtoto wa chini ya miaka minane. Kwao zipo dawa nyingine, na uamuzi huo uachwe kwa daktari.

Dawa mseto, yaani ALu, si dawa ya kinga. Ninarudia jambo hili kwa sababu kila mwaka hukutana na msafiri aliyemeza vidonge vinne "vya tahadhari" kabla ya kupanda basi. Vidonge hivyo havimkingi, na huweza kuficha ugonjwa kwa siku chache kisha ukamrudia kwa kishindo.

Mama mjamzito anastahili neno lake peke yake. Malaria kwake hushambulia kondo la nyuma, huleta upungufu mkubwa wa damu, na huweza kuharibu mimba au kumzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Kama safari inaweza kungoja hadi baada ya kujifungua, ingoje. Kama haiwezi, aonane kwanza na kliniki ya wajawazito, alale ndani ya chandarua kila usiku, na ameze SP kwa utaratibu wa kliniki kuanzia muhula wa pili wa mimba. Anayetumia kotrimoksazoli kila siku hapaswi kuongezewa SP.

Kuhusu safari yenyewe nitasema kidogo. Njia ya kutoka Njombe hadi Dar es Salaam inakaribia kilomita 700, na wasafiri wengi hujinyima maji ili wasisumbue dereva. Kukaa bila kunyoosha miguu saa nyingi pamoja na ukavu wa mwili hugandisha damu katika mishipa ya miguu, hasa kwa mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au mgonjwa wa saratani. Kunywa maji, na basi linaposimama, shuka utembee. Fungeni mikanda. Ajali za barabarani humpata msafiri kirahisi kuliko mbu yeyote, na bodaboda bila kofia ngumu ni hatari mjini Ifakara kama ilivyo Makambako.

Anayetumia dawa kila siku

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta kuwa asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani Njombe wanaishi na virusi vya UKIMWI, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Kwa hiyo ninapozungumzia msafiri kutoka Kifanya, ninazungumzia pia msafiri mwenye dawa za ARV ndani ya begi. Wengi wao hukatiza dawa safarini si kwa uzembe, bali kwa haya: chumba kimoja, shemeji wengi, na kopo linalojulikana kwa kila mtu.

Ushauri wangu kwa ndugu hawa ni kwamba mweleze mhudumu wa CTC tarehe ya kuondoka na ya kurudi walau wiki mbili kabla. Mteja ambaye hali yake imetulia anaweza kupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja. Chukua za siku zote za safari na za wiki mbili zaidi, kwani msiba huongezeka siku na gari huharibika. Dawa zikae kwenye mkoba unaoushika mkononi, kamwe zisiwe kwenye begi linalowekwa chini ya basi. Kadi yako ya CTC iende nawe, maana kituo chochote cha CTC nchini kinaweza kukusaidia ukiishiwa. Ukisahau dozi, imeze unapokumbuka, usimeze mbili kwa pamoja. Kenya na Uganda saa ni ileile ya kwetu. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo wako saa moja nyuma, tofauti isiyo na athari yoyote kwa dawa inayomezwa mara moja kwa siku.

Kwa mhudumu: dolutegravir na ALu hutumika pamoja bila shida. Efavirenz hupunguza kiwango cha ALu katika damu, hivyo mgonjwa anayeitumia afuatiliwe kwa karibu hadi vimelea viishe. Msafiri anayemeza vidonge vya madini ya chuma au dawa ya vidonda vya tumbo ameze dolutegravir saa mbili kabla yake au saa sita baadaye.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini hukutana na taabu mpya bondeni. Kifanya chupa yake hukaa kabatini bila hofu. Ifakara, kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30, huharibika. Chungu cha udongo kilicholowekwa maji na kuwekwa kivulini huipoza vya kutosha, ilimradi chupa iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Wanaovuka mpaka

Uganda hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa kila anayeingia mwenye umri wa kuanzia mwaka mmoja. Nasi Tanzania humdai cheti hicho anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, kwa hiyo kadi ya njano huombwa wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti hudumu maisha yote. Usikubali kununua kadi bila kuchanjwa. Kadi hiyo haimzuii mbu. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, hivyo haitolewi kwa mtoto wa chini ya miezi tisa wala kwa mwenye virusi vya UKIMWI ambaye CD4 zake ziko chini ya 200. Mjamzito na mwenye umri wa miaka 60 au zaidi wapimiwe faida na hatari na daktari kwanza.

Anayekwenda Kyela au ufuko wowote wa Ziwa Nyasa akaoga ziwani ajue kuwa kuna kichocho. Arudipo, wiki sita hadi nane baadaye, aombe kupimwa mkojo na choo, hata kama hana dalili.

Homa ukiwa umerudi

Tangu mbu anapouma hadi homa kuanza hupita siku saba kwa uchache, mara nyingi siku kumi hadi kumi na nne, na huweza kufika mwezi au zaidi. Hesabu hii ni chombo cha kazi. Aliyepata homa siku ya tatu baada ya kukanyaga bondeni kwa mara ya kwanza hana malaria ya safari hiyo, tutafute sababu nyingine. Aliyepata homa wiki ya tatu baada ya kurudi, wakati hata majirani wamesahau kwamba alisafiri, anaweza kuwa nayo.

Kwa hiyo msafiri, ndani ya miezi mitatu tangu kurudi, homa yoyote ni sababu ya kwenda zahanati siku hiyohiyo na kutamka mwenyewe: nilikuwa bondeni. Usisubiri kuulizwa. Usianze na panadoli ya siku tatu. Usinunue dawa ya taifodi dukani.

Wenzangu wahudumu, ninajua hali ilivyo. Katika zahanati ya nyanda za juu, kati ya watu mia wenye homa, huenda asiwepo hata mmoja mwenye malaria, na akili huzoea. Kikohozi kidogo kinatosha kuitwa nimonia. Ndiyo maana napendekeza swali la safari liandikwe kwenye kila karatasi ya mgonjwa mwenye homa, kama tunavyoandika joto na mapigo ya moyo, ili lisitegemee kumbukumbu ya mtu aliyechoka saa tisa alasiri. Swali hilo hutukinga hata sisi wenyewe. Ugonjwa wa virusi vya Marburg uliripotiwa mkoani Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025, na Uganda ilipambana na Ebola mwaka 2022 na 2025. Mgonjwa wa namna hiyo hufika akiwa na homa tu, kama wengine.

Kipimo cha haraka kikiwa hasi na mashaka yakabaki, rudia baada ya saa 12 hadi 24, ikiwezekana kwa darubini pia. Kikiwa chanya na mgonjwa ana fahamu, anakunywa na hatapiki, mpe ALu kwa uzito wake: mwenye kilo 35 na zaidi humeza vidonge vinne, vya pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Dawa hii hufyonzwa vizuri ikiambatana na mafuta. Kwa bahati njema tunaishi katika nchi ya maparachichi. Nusu parachichi au kikombe cha maziwa pamoja na kila dozi ni sehemu ya tiba. Usitumie kipimo cha haraka kuangalia kama amepona, kwani huweza kuendelea kuonyesha chanya kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa.

Mgonjwa aliyechanganyikiwa, aliyepata degedege, anayetapika kila kitu, anayehema kwa shida, mwenye manjano au mkojo mweusi, huyo ana malaria kali. Apewe artesunate kwa sindano kabla ya gari la wagonjwa kufika, na mtoto wa chini ya miaka sita anaweza kupewa ya njia ya haja kubwa akiwa njiani. Pimeni sukari, kwani mara nyingi hushuka. Baada ya kuruhusiwa, wingi wa damu yake upimwe kila wiki kwa wiki nne, maana kwa watu wasio na kinga chembe nyekundu huweza kuvunjika kwa kuchelewa, wiki moja au mbili baada ya artesunate, mgonjwa akiwa tayari amerudi shambani.

Wageni wanaopanda kwetu

Safari huenda pande zote mbili, na wanaopanda kutoka pwani kuja kwa ndugu zao hukaribishwa kwa "kamwene" na baridi. Mwenye selimundu aje na nguo nzito, soksi na kofia, anywe maji mengi yenye uvuguvugu, kwa sababu baridi humwanzishia maumivu makali ya mifupa. Mwenye pumu asisahau dawa yake ya kuvuta.

Hatari kubwa kwa mgeni, hata hivyo, ni ukarimu wetu wenyewe. Tunamwona anatetemeka, tunamwekea jiko la mkaa chumbani, naye kwa baridi anafunga dirisha na kuziba upenyo wa mlango kwa nguo. Mkaa unaoungua ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni katika damu. Aliyelala haamki kuitambua. Anayeamka na kichwa kinachogonga, kichefuchefu na miguu isiyo na nguvu, wakati wenzake wa chumba hichohicho wana hali ileile, atolewe nje mara moja na apelekwe hospitali apewe oksijeni. Mgeni apewe blanketi la tatu na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Jiko lipelekwe nje kabla taa haijazimwa.